Barua ya wazi: Mtoto amuulize nani?

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Na kwa Taasisi ya Elimu Tanzania.
Nakala: Waziri wa Afya.

YAH: ELIMU YA AFYA KATIKA SHULE ZA SEKONDARI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia kwenye sekondari ya kata wilayani Mbozi, mkoa wa Songwe. Nina miaka 14 darasani, na miaka 7 ya mwisho nimekuwa na boksi. Lilikuwa la chaki. Nililitoboa tundu juu nikalitundika kwenye korido ya kwenda maktaba, mahali ambapo mtoto anapita akadumbukiza karatasi bila kuonekana amesimama. Anaandika swali lolote linalohusu mwili wake au maisha yake, haandiki jina. Ijumaa, kengele ya kutoka ikishalia, nalifungua.

Naomba niwasomee machache. "Nikimeza P2 kila mwezi nitakuja kuzaa?" (P2 ni kidonge cha dharura cha kuzuia mimba.) "Nina miaka 16 sijaota ndevu, ni ugonjwa?" "Vumbi la Kongo lina madhara kwenye moyo?" (Hilo ni unga unaouzwa kwa ajili ya nguvu za kiume.) "Kwa nini nikiwa kwenye siku zangu bibi hataki niingie bustanini?" "Kisonono kinaisha chenyewe?" "Mtu akitaka kujiua anaonekanaje?"

Hilo la mwisho nililisoma nimebaki peke yangu ofisini, walimu wenzangu wameshaondoka. Nilikaa nalo Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nikaingia mkondo mmoja baada ya mwingine, nikafunga kitabu, nikasema kwamba mtu anaweza kuchoka na maisha na akasaidiwa, na kwamba mlango wangu uko wazi hata wakati wa chai. Sikuwahi kumjua aliyeandika. Wanafunzi wote wa wakati ule walimaliza kidato cha nne, kwa hiyo najua kwamba yuko hai au angalau alikuwa hai mpaka siku ile ya mtihani wa mwisho. Semina niliyowahi kupewa ya namna ya kumpokea mtoto wa aina hiyo ni sifuri.

Katika karatasi zote hizo, miaka 7, sijapata hata moja iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Nanyi mnajua ninachofundisha ni kwa lugha gani. Katika muhtasari niliofundisha muda mwingi wa kazi yangu, uzazi ni mada ya kidato cha tatu. Unaanza na mgawanyiko wa seli, unakuja kwenye maua, chavua na mbegu, halafu ndipo unafika kwa binadamu, mara nyingi muhula ukiwa ukingoni. Mwanafunzi wangu mzuri anachora mfuko wa uzazi akataja kila sehemu yake kwa Kiingereza bila kukosea herufi. Mwanafunzi huyohuyo, mwaka juzi, aliuliza kupitia boksi kama siku za hatari, yaani za kushika mimba, ni zile za kutoka damu. Mchoro alipata 10 kwa 10. (Nilimtambua kwa mwandiko. Ndiyo maana siku hizi nawaambia waandike kwa herufi kubwa.) Na hao ni waliofika kidato cha tatu. Walioacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba hawakuwahi kuifikia mada.

Hapa lazima niseme ukweli unaotuhusu sisi walimu. Kiingereza ni khanga tunayojifunika. Mwalimu akitaja kiungo kwa Kiingereza, hakuna anayecheka, kwa sababu neno hilo kwao halina mtu ndani yake. Mara ya kwanza nilipotamka "uume" na "uke" mbele ya kidato cha pili, kicheko kilichukua karibu dakika tano, na mimi mwenyewe jasho lilinitoka. Wiki ya pili walicheka kidogo. Wiki ya nne msichana wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono akauliza kuhusu ute, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya daftari. Vipindi vinne tu. Ila vipindi hivyo nilivikata kwenye muda wa somo langu, na mwalimu wa taaluma alinihoji kwa nini niko nyuma ya azimio la kazi. Alikuwa na haki. Yeye naye ataulizwa.

Desemba moja nilikuwa kwenye usahihishaji wa mtihani wa kidato cha nne. Usahihishaji ni mahali pazuri pa kusikia nchi inasemaje, maana jioni mnakula meza moja watu wa mikoa yote. Mwalimu wa kike kutoka Lindi alisema mabinti wake wakirudi kutoka unyagoni wanamwangalia kwa huruma akianza kueleza balehe. Wameshaambiwa yote, na mengine asingethubutu kuyaeleza yeye. Kinachowashinda, alisema, ni kumwambia mwanamume "sitaki". Mwingine wa Geita alisema yeye hafundishi kabisa mambo hayo, anamwita nesi, kwa sababu mtoto akimwona mwenye gauni jeupe anaamini. Mzee mmoja, aliyebakiza mwaka astaafu, aliweka kijiko chini akasema tunawafundisha watoto uhuni na kazi hiyo ni ya wazazi. Vijana walimcheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wazazi wa aina yake ndio wanaokuja shuleni kwangu, na wana hoja: hakuna aliyewaita kuwaeleza tunachosema na watoto wao.

Mzee alikosea jambo moja tu. Huku kwetu mtoto wa sekondari mara nyingi haishi na mzazi. Shule iko kilomita nane, tisa kutoka kijijini, bweni halipo au limejaa, kwa hiyo mzazi anampangia chumba karibu na shule. Tunaita geto. Msichana wa miaka 14 ana chumba, ndoo, jiko la mkaa, na debe la unga la kumaliza mwezi. Unga unaisha tarehe 20. Shangazi aliyetakiwa kumfunda yuko mbali. Aliye karibu ni kijana wa bodaboda anayempa lifti na chipsi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini, asilimia 22 wameshawahi kushika mimba. Ilikuwa asilimia 27 miaka ya 2015 na 2016, kwa hiyo tumepiga hatua. Mkoa wetu wa Songwe ulikuwa asilimia 45, wa kwanza kwa wingi. Tukiitwa kwenye vikao takwimu hii tunasomewa kama kosa la kinidhamu la walimu. Hakuna anayeuliza unga uliisha tarehe ngapi.

Najua kuna atakayenijibu kwamba elimu ya afya ilishajaribiwa. Ni kweli, tena ilijaribiwa vizuri. Mkoani Mwanza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na mradi wa MEMA kwa Vijana. Walichukua jamii 20 za vijijini, 10 zikapata mradi na 10 zikawa za kulinganishia. Walimu wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa namna ya kufundisha afya ya uzazi, wahudumu wa zahanati wakaandaliwa kuwapokea vijana, kondomu zikafikishwa vijijini. Vijana walipopimwa baada ya miaka mitatu, na wakapimwa tena 2007 na 2008, maarifa yao yalikuwa yameongezeka na hayakupotea. Maambukizi ya VVU na ya malengelenge ya sehemu za siri hayakupungua kwa kiasi cha kuonekana.

Matokeo hayo yaliponifikia mara ya kwanza yaliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshatundika boksi. Nikajiuliza, basi najisumbua nini? Baadaye nikayaelewa kwa namna nyingine. Kilichobadilishwa kilikuwa kichwani mwa mtoto. Watu wazima waliomzunguka walibaki walivyokuwa: mwenye duka, mwenye pikipiki, mzazi asiyetaka kusikia, na mwalimu mwenye fimbo. Mtoto alijua zaidi, lakini alirudi kuishi na watu walewale.

Nami nilikuwa mmoja wao. Kwa miaka minne nilikuwa mwalimu wa nidhamu na wakati huohuo mwalimu wa malezi, kwa sababu tulikuwa wachache na mkuu wa shule alinipa kofia zote mbili. Kanuni za viboko mnazijua: visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Idhini nilikuwa nayo. Asubuhi nachapa waliochelewa, saa nane mchana nakaa ofisini nikingoja mtu aje anieleze siri zake. Hakuja mtu. Nikadhani watoto wa shule yetu hawana matatizo.

Siku moja mpishi wa shule, mama mmoja mnene mwenye maneno machache, aliniita nyuma ya jiko. Akaniambia kuna kijana wa kidato cha tatu anatoka usaha, ana wiki tatu, amenunua vidonge vya rangi mbili dukani na havijasaidia. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Ameniambia. Wananiambia wengi." Nikauliza kwa nini yeye. Akanitazama kwa muda, akarudi kukoroga uji. Yule kijana tulimpeleka zahanati siku ileile akapona. Wiki iliyofuata nilirudisha fimbo kwa mkuu wa shule nikamwambia achague, nibaki na kazi moja. Alinipa malezi, na nadhani alinihurumia kidogo, maana nidhamu ndiyo yenye heshima.

Kuna jambo jingine gumu kulisema. Kwenye shule niliyofundisha kabla ya hii, mwanzo wa kila muhula wasichana walipangwa mstari, wakapewa vikopo, wakapimwa mimba. Waraka wa Novemba 2021 uliporuhusu aliyejifungua arudi masomoni, nilidhani mstari ule utakufa, kwa sababu shabaha yake ilikuwa kufukuza. Naambiwa na walimu wenzangu kwamba zipo shule ambako bado haujafa. Fikirini mnamfundisha nini msichana yule kuhusu afya. Mara yake ya kwanza kukutana na nesi shuleni ni siku ya kukamatwa. Baada ya hapo nimwambie mimi, kwenye kipindi changu cha dakika 40, kwamba zahanati ni rafiki yake? Sheria ya VVU ilirekebishwa mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kupima bila ruhusa ya mzazi. Nikilisema hili darasani wanatazamana. Wanajua vikopo.

Niwaeleze na siku iliyokwenda vizuri, msije mkadhani nimekuja kulalamika tu.

Aprili 2018 chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilipoanza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, majina tuliandika sisi walimu. Kesho yake asubuhi kina mama wapata ishirini walikuwa getini. Habari ilikuwa imeshafika vijijini kwamba serikali imeleta sindano ya kufunga uzazi. Mmoja alikuwa na jembe begani, sijui kama lilikuwa la shamba au la kwetu. Nesi wa zahanati, mtu wa hukuhuku, aliweka kisanduku cha chanjo mezani, akaomba benchi zitolewe chini ya mti, akakaa nao. Alianza kwa Kiswahili, akamalizia kwa Kinyiha. Bibi mmoja aliuliza kama ugonjwa unaletwa na wanaume kwa nini wanachomwa mabinti peke yao, na watu wakacheka, hata nesi. Lakini alijibu swali. Kisha akauliza nani ana ndugu aliyesafirishwa mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshafika mbali. Mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia. Mazungumzo yalichukua saa mbili. Wazazi walioendelea kukataa walibaki watatu. Siku hizi, tangu Aprili 2024, ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, kazi imekuwa rahisi zaidi, ila yale mazungumzo ya chini ya mti hayajarudiwa. Chanjo inakuja, watoto wanapanga foleni, gari linaondoka.

Ukilinganisha siku ile na kipindi changu cha uzazi, utaona kulikuwa na lugha ya watu, kulikuwa na mtu wa kuulizwa ambaye hana fimbo, wazazi walikuwepo, na aliyeshawishika alipata huduma palepale. Mtihani haukuwepo.

Ndipo ninapofika kwenye maombi yangu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unataka umahiri, neno ambalo tumelisikia tangu mtaala wa 2005. Umahiri wa afya hauonekani kwenye karatasi ya majibu. Ninaomba kipindi kimoja kwa wiki, kwenye ratiba rasmi, kuanzia kidato cha kwanza, kinachoendeshwa kwa Kiswahili na kisichotahiniwa. Msiseme ratiba imejaa. Kipindi cha dini kipo kila wiki, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuuliza kimeleta divisheni ngapi. Kitabu cha mwalimu kiandikwe kwa Kiswahili na watu wanaojua maneno yanayosemeka mbele ya watoto, kwa sababu nusu ya kazi ni kupata neno lisilo tusi na lisilo fumbo. "Kwenda mwezini" hakumsaidii mtoto wa miaka 13 aliyeona damu kwenye sketi akadhani anakufa.

Yafundishwe na mengine pia, si ngono tu. Watu wakisikia afya ya vijana wanaona mimba. Boksi langu lina ugoro, lina vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa usiku wa kuamkia mtihani, lina chunusi, lina baba anayelewa. Maji nayo. Mwaka 2020, wakati wa korona, kila darasa lilikuwa na ndoo na sabuni. Leo ndoo moja inatumika kwenye bustani ya miche ya kahawa na nyingine sijui iko kwa nani, na mimi bado nafundisha kunawa mikono.

Mwalimu wa malezi asiwe na fimbo. Iandikwe kwenye waraka, isiachwe kwa huruma ya mkuu wa shule. Na apunguziwe vipindi. Mimi nina 26 kwa wiki, na mtoto mwenye jambo zito hasubiri nimalize kusahihisha. Semina zikija, aje kuitwa yeye. Mara ngapi mwongozo umeletwa, ukapokelewa na mtu mwingine, akasaini posho, akahamishwa wilaya, mwongozo ukabaki kabatini na plastiki yake? Mashirika yanayokuja na tisheti na bango kwa siku tatu tunayashukuru kwa moyo. Tungeyashukuru zaidi yangelipia nauli ya nesi mmoja kuja mara mbili kwa mwezi kwa mwaka mzima.

Mstari wa vikopo upigwe marufuku kwa maandishi, TAMISEMI na Wizara ya Afya wakisaini karatasi moja. Nesi akija shuleni aje kwa shughuli ambayo mtoto haiogopi.

Kuhusu mageto, najua mabweni ni fedha, sitadai kisichowezekana kwa barua. Lakini kikao cha wazazi kipo kila muhula, na ajenda yake huku kwetu ni michango na matokeo. Nipewe nusu saa. Nitamwalika na mwenyekiti wa bodaboda wa kijiweni. Nimeshazungumza naye, ana mabinti wawili na hakukataa.

Muhula huu boksi lina karatasi 61. Nimezichapa zote upya kwenye kompyuta ya shule, nikaondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtoto, ziko tayari. Taasisi ya Elimu mkitaka kujua mwongozo uanzie wapi, mtumeni mtu. Asije Ijumaa, Ijumaa watoto wanawahi kwenda makwao kufuata unga. Aje Jumanne. Kipindi cha nane ni changu, kidato cha pili B, na nitamwomba akae nyuma bila kujitambulisha. Akipata njaa, uji wa saa nne ni mzuri, na mpishi bado ni yuleyule.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Biolojia na Malezi
Mbozi, Songwe